Kiwango Kisichosomeka Hakilindi: Istilahi za Usalama wa Bandari na Urubani wa Meli, Kutoka Kilindini Hadi Kariobangi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza lugha ya viwango vya usalama wa bandari na urubani wa meli, na nafasi ya Kiswahili katika kuviandika, kuvifasiri na kuvifikisha kwa watu wanaoguswa navyo. Hoja kuu ni kwamba kiwango cha usalama ni matini, na kama matini nyingine yoyote, hakitimizi kusudi lake kisipoeleweka na hadhira yake. Mtaa wa Kariobangi, Nairobi, umeteuliwa kuwa mahali pa kuipimia hoja hii kwa sababu ni mtaa wa bara ambao maisha yake ya kila siku yanategemea mizigo ya bandarini, ingawa wakazi wake hawahesabiwi miongoni mwa watu wa bahari. Makala yanaonyesha utata wa istilahi uliopo, yanaitalii hazina ya kale ya msamiati wa bahari, kisha yanapendekeza kanuni za kuandikia viwango hivyo kwa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Mtu akitaja bandari mbele ya mkazi wa Kariobangi, huenda akadhani kwamba jambo hilo ni la watu wa Mombasa. Baina ya mtaa huo na Kilindini kuna takriban kilomita 480. Hata hivyo, umbali huo unadanganya. Karakana za Kariobangi Light Industries hutumia mabati, vyuma, mashine na vipuri ambavyo sehemu yake kubwa hufika nchini kwa meli. Barabara ya Outer Ring, inayopita kando ya mtaa huo, huelekea upande wa Embakasi, ambako bandari kavu ya Nairobi imekuwa ikipokea makontena tangu mwaka 1984. Tangu mwaka 2018, garimoshi la mizigo la reli ya kisasa nalo hufikisha makontena huko kutoka Mombasa. Kwa hivyo bandari haiishii gatini. Huendelea kuelekea bara, na hatari zake huendelea nayo.

Swali linaloongoza makala haya ni hili: iwapo hatari zinasafiri kutoka Kilindini hadi Kariobangi, je, maneno ya kujikinga nazo yanasafiri pia? Swali hili ni la kiisimu kabla ya kuwa la kiufundi. Mhandisi aweza kueleza uzito wa kontena na wanamaji waweza kueleza nguvu ya mkondo, lakini namna ya kuyasema hayo ili mpakizi, mfunga kamba, abiria na fundi wa jua kali wayafahamu ni kazi ya mwanafunzi wa lugha.

Uchunguzi huu unaongozwa na mihimili miwili ya kinadharia. Wa kwanza ni nadharia ya istilahi iliyoasisiwa na Eugen Wüster, inayosisitiza kwamba katika uwanja maalumu dhana moja iwe na istilahi moja. Wa pili ni nadharia ya Skopos ya Hans Vermeer, inayoshikilia kwamba tafsiri hupimwa kwa kuangalia kama imetimiza lengo lake kwa hadhira lengwa. Ya kwanza inamlinda msomaji dhidi ya utata. Ya pili inamkumbusha mfasiri kwamba matini sahihi isiyomfikia mlengwa haijafanya kazi.

2.0 Kiwango cha Usalama kama Matini

Viwango vya usalama wa bahari vimezaliwa na misiba. Baada ya meli ya Titanic kuzama mwaka 1912, mataifa yalikutana London na kupitisha mkataba wa kwanza wa usalama wa maisha baharini mwaka 1914. Mkataba huo, unaojulikana kwa kifupi chake SOLAS, umeandikwa upya mara kadhaa, na toleo linalotumika leo, likiwa na marekebisho mengi, ni la mwaka 1974. Uliongezewa nguvu na mkataba wa mwaka 1978 kuhusu mafunzo na vyeti vya mabaharia, kanuni za shehena za hatari ambazo zilifanywa kuwa lazima tangu Januari 2004, na kanuni za ulinzi wa meli na bandari zilizoanza kutumika tarehe 1 Julai 2004. Msimamizi wa nyaraka hizi ni Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, lenye makao yake London.

Nchini Kenya, Halmashauri ya Bandari iliundwa mwaka 1978. Mwaka 2004 ikaanzishwa Mamlaka ya Bahari ya Kenya, ambayo iliwekewa sheria yake mwaka 2006, na Sheria ya Usafiri wa Meli ikafuata mwaka 2009.

Kuhusu urubani, waraka muhimu ni azimio la IMO nambari A.960 la mwaka 2003. Rubani wa meli ni mtaalamu wa eneo moja la maji. Anayajua mafungu, miamba, mikondo na kupwa na kujaa kwa maji ya bandari yake. Meli inapokaribia, rubani huifuata kwa boti, hupanda kwa ngazi ya kamba iliyoning'inizwa ubavuni, kisha hushauriana na nahodha na kuiongoza hadi gatini. Hata ngazi hiyo ina kiwango chake: rubani hapaswi kupanda zaidi ya mita 9 kwa ngazi ya kamba pekee. Ubavu ukiwa mrefu kuliko hapo, ngazi hiyo huunganishwa na ngazi ya pembeni ya meli.

Jambo la kumvutia mwanaisimu ni kwamba azimio hilo lina sehemu nzima inayohusu lugha. Linaelekeza kwamba mawasiliano kati ya rubani na maofisa wa meli yafanywe kwa Kiingereza au kwa lugha nyingine wanayoielewa wote wanaohusika. Aidha, rubani akizungumza na watu wa nje, kama vile mabaharia wa tagi au wafunga kamba, kwa lugha ambayo maofisa wa meli hawaifahamu, anapaswa kuwaeleza mapema iwezekanavyo kilichosemwa ili waweze kufuatilia hatua zinazochukuliwa. Kwa maneno mengine, tafsiri yenyewe imefanywa kuwa sehemu ya usalama.

Msisitizo huo una sababu. Wahenga walinena kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Meli inayoongozwa na rubani ina mamlaka mawili katika chumba kimoja: rubani anayeyajua maji, na nahodha ambaye hapotezi wajibu wake hata rubani anapokuwamo. Kinachoyaunganisha mamlaka hayo ni lugha. Tarehe 7 Novemba 2007 meli ya Cosco Busan iligonga nguzo ya daraja katika ghuba ya San Francisco ikiwa na rubani ndani yake, na zaidi ya lita 200,000 za mafuta zikamwagika. Uchunguzi wa Marekani ulionyesha, pamoja na sababu nyingine, kwamba rubani na nahodha hawakuwa wamewasiliana ipasavyo kuhusu safari ile, wala hawakuelewana kuhusu alama zilizokuwa kwenye ramani ya kielektroniki. Miaka 17 kabla yake, tarehe 7 Aprili 1990, moto uliiteketeza meli ya abiria ya Scandinavian Star na kuwaua watu 159. Miongoni mwa kasoro zilizobainika ni kwamba wengi wa mabaharia na abiria hawakuwa na lugha ya kuelewana.

3.0 Sarufi ya Amri: Funzo la Mwaka 2001

Mwaka 2001 IMO ilipitisha orodha ya semi sanifu za mawasiliano ya bahari. Orodha hii ni ya Kiingereza, lakini kanuni zilizoizaa zinaweza kujaribiwa katika lugha yoyote. Tatu kati yake zinatosha kwa mjadala huu.

Kanuni ya kwanza ni kuepuka vitenzi visaidizi vyenye maana zaidi ya moja. Kiswahili kina mtego wa aina hiyo katika kitenzi -weza. Sentensi "Meli inaweza kuingia" ina fasiri tatu: kwamba meli ina uwezo wa kuingia, kwamba imeruhusiwa kuingia, au kwamba huenda ikaingia. Katika mazungumzo ya kawaida muktadha hutuokoa. Katika mlango mwembamba wa Kilindini, ambako vivuko vya Likoni hukata njia ya meli kubwa, fasiri hizo tatu ni mambo matatu tofauti kabisa. Hivyo basi mwandishi wa viwango anapaswa kuchagua: "Meli imeruhusiwa kuingia", "Kina kinatosha meli kuingia", au "Huenda meli ikaingia".

Kanuni ya pili ni kutanguliza lengo la usemi. Orodha hiyo inaruhusu msemaji kutangulia kwa kutaja kama asemalo ni agizo, ushauri, onyo, taarifa, swali, jibu, ombi au kusudio. Mwanafunzi aliyesoma nadharia ya vitendo vya usemi ya J. L. Austin atatambua mara moja kinachofanyika hapa: kani ya usemi, ambayo kwa kawaida hufichwa katika toni na muktadha, inatamkwa waziwazi. Kiswahili cha adabu huificha kani hiyo mara nyingi. Kijana wa pwani anayemwambia mzee "Kamba hiyo yaelekea itakatika" hakusudii kutoa taarifa tu, anamsihi asogee. Adabu hiyo ni nzuri barazani, lakini gatini inafaa itanguliwe na neno "Onyo".

Kanuni ya tatu inahusu nambari na saa. Mabaharia hufundishwa kutamka tarakimu mojamoja ili kumi na tano isisikike kama hamsini, kosa ambalo katika Kiingereza ni rahisi kutokea. Katika Kiswahili maneno hayo mawili hayafanani, lakini tatizo letu liko kwingine, yaani katika saa. "Saa tatu" ya Kiswahili ni 0900 asubuhi au 2100 usiku, ilhali anayefikiri kwa Kiingereza akaisema kwa Kiswahili huweza kumaanisha 0300. Ratiba ya maji kujaa ikisomwa kwa kupotoka saa sita, meli iliyotarajia maji makuu itakuta karibu maji ya kupwa, kwa kuwa katika pwani yetu baina ya kujaa na kupwa kuna saa sita na dakika chache. Ni vigumu kupata mfano ulio bora kuliko huu wa kuonyesha kwamba tofauti ya utamaduni wa lugha huweza kupimwa kwa mita za maji.

4.0 Hazina Iliyosahauliwa

Ingekuwa kosa kudhani kwamba Kiswahili ni mgeni katika uwanja huu. Jina Kilindini lenyewe linatokana na kilindi, yaani mahali pa maji ya kina kirefu. Ni istilahi ya urubani iliyogeuka kuwa jina la mahali. Aliyepaita hivyo alikuwa akiwapa wenzake taarifa ya usalama.

Neno rubani limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni mwongozaji wa chombo cha baharini. Nahodha ana asili ya Kiajemi, na sarahangi vilevile. Kwa kupima kina palikuwa na bildi, yaani uzito wa risasi uliofungwa kamba na kutoswa majini. Kwa uthabiti wa chombo palikuwa na farumi, mawe au mchanga wa kukitia uzito chini. Maji makuu ya mwezi mpya na mwezi mpevu yaliitwa bamvua, na yale hafifu ya katikati yakaitwa maji mafu. Kamusi za Krapf ya mwaka 1882, na za Johnson na Sacleux za mwaka 1939, zimejaa msamiati wa bahari, na uchunguzi wa A. H. J. Prins kuhusu utamaduni wa bahari wa Lamu, uliochapishwa mwaka 1965, unaonyesha jinsi ujuzi huo ulivyokuwa hai miongoni mwa mabaharia wa majahazi.

Historia nayo inashuhudia. Mwezi wa Aprili 1498 Vasco da Gama alipata rubani Malindi, na rubani huyo akaifikisha misafara yake karibu na Calicut mwezi wa Mei. Mapokeo yaliyoenea yanadai kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, ingawa wanahistoria wengi wa leo hawakubali. Lisilo na shaka ni kwamba pwani hii ilikuwa na marubani ambao hata mgeni mwenye mizinga hakuweza kuvuka bahari bila wao.

Hata hivyo, hazina haitumiki bila kuchujwa. Kuna matatizo matatu.

Kwanza, baadhi ya istilahi zimehama. Msomaji wa leo akikutana na neno rubani humwazia mwendeshaji wa ndege. Maana ya asili imesukumwa pembeni kiasi kwamba sasa inahitaji kufafanuliwa: rubani wa meli. Hakuna ubaya katika ufafanuzi huo, mradi utumike kila mara na pasizuke visawe kama mwelekezi wa meli, kiongozi wa meli na mwongoza meli katika waraka mmoja.

Pili, baadhi ya istilahi za kale zilifungamana na tanga. Upande wa joshi ni upande unakotoka upepo, na upande wa demani ni ule upepo unakoelekea. Pande hizi hubadilika chombo kigeukapo. Meli ya injini inahitaji majina ya pande zisizobadilika, yaani kulia na kushoto kwa mtu anayetazama omo. Kwa hiyo kuyachukua maneno joshi na demani ili yatumike kwa pande hizo kungekuwa heshima kwa wahenga na hatari kwa mabaharia. Uzalendo wa istilahi una mpaka wake.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, liko tatizo la neno usalama lenyewe. Nyaraka za Kiingereza hutenganisha dhana mbili: kukingwa na ajali, na kukingwa na watu wenye nia mbaya. Mkataba wa mwaka 1974 ulianza na dhana ya kwanza, na kanuni za mwaka 2004 zikashughulikia ya pili. Kiswahili cha kawaida huziita zote usalama. Neno kiwango nalo lina maana mbili: kipimo kilichokubaliwa, na daraja au kiasi cha jambo. Kanuni za mwaka 2004 zina madaraja matatu ya tahadhari, 1, 2 na 3. Tokeo ni kwamba fungu la maneno "kiwango cha usalama cha bandari" linaweza kusomwa kwa njia nne: kipimo cha kuzuia ajali, kipimo cha kuzuia uhalifu, kiasi cha kukingika na ajali, na daraja la tahadhari dhidi ya uhalifu. Makala haya yanapendekeza usalama utumike kwa ajali, ulinzi kwa uhalifu, kiwango kwa kipimo kilichokubaliwa, na daraja kwa 1, 2 na 3. Maneno yote manne yapo tayari. Kinachokosekana ni makubaliano.

5.0 Kariobangi: Mahali Viwango Vinapopimwa

Tuchukue mfano wa kitu kimoja. Mafundi wengi wa jua kali wanaochomelea vyuma kwa gesi hutumia kabaidi, mawe ya kijivu yanayotoa gesi ya asetilini yakikutana na maji. Gesi hiyo huwaka kwa urahisi na huweza kulipuka. Katika kanuni za shehena za hatari, kabaidi ina nambari UN 1402 na imewekwa katika daraja la 4.3, yaani vitu vinavyotoa gesi ya kuwaka vikilowa. Alama yake ni msambamba wa buluu wenye picha ya mwali wa moto. Baharini, kanuni zinaeleza jinsi ya kuifungasha, mahali pa kuiweka melini na namna ya kuikinga na maji. Mpakizi wa bandarini hufundishwa maana ya alama hiyo.

Kisha mzigo unafunguliwa. Kabaidi inagawanywa, inauzwa kwa kilo, na inafika karakanani ndani ya mkebe usio na alama yoyote. Kitu ni kilekile na maji ya mvua ni yaleyale, lakini matini imebaki njiani. Kwa mtazamo wa Skopos, kiwango kilichoandikwa kwa ajili ya kumlinda binadamu na kabaidi kimemlinda binadamu mmoja na kumwacha mwingine, na tofauti yao si ya hatari bali ya usomaji. Maneno manne tu, "Hatari: isiguswe na maji", yangesafiri pamoja na mkebe bila gharama ya maana.

Upande wa pili wa safari ni mizigo inayotoka. Tangu tarehe 1 Julai 2016, kontena halipakiwi melini kama uzito wake kamili haujathibitishwa na msafirishaji. Chimbuko la kanuni hiyo ni pamoja na ajali ya meli ya MSC Napoli ya Januari 2007. Makontena 660 yaliyokuwa juu ya sitaha yake yalipopimwa, 137 yalitofautiana na uzito ulioandikwa kwa zaidi ya tani 3. Maana yake ni kwamba usalama wa nahodha baharini unaanzia kwa mtu anayejaza kontena bara, huenda katika bohari moja ya Eastlands, na anayejaza fomu ya uzito. Fomu hiyo isipoeleweka, itajazwa kwa kubahatisha.

Kariobangi inajua pia gharama ya kiwango kilichobaki karatasini. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, jengo la ghorofa liliporomoka Huruma, mtaa uliopakana na Kariobangi, na watu takriban 50 wakafa. Maofisa wa serikali walieleza baadaye kwamba jengo hilo lilikuwa miongoni mwa yaliyotajwa kuwa hayafai kukaliwa. Waliolala ndani yake hawakuwa na namna rahisi ya kuisoma hukumu hiyo. Miaka 22 kabla yake, tarehe iyo hiyo ya 29 Aprili, mwaka 1994, kivuko cha Mtongwe kilipinduka Mombasa karibu na ufuo na kuua watu 272. Kilikuwa kimejengwa kubeba abiria 300 hivi, na kilibeba wengi kuliko hao. Mombasa na Nairobi, kivuko na ghorofa, ni mambo mbalimbali, lakini kasoro ya kimawasiliano ni moja: aliyekuwa hatarini hakuwa msomaji wa kiwango kilichotungwa kwa ajili yake.

Linganisha misiba hiyo na jambo ambalo kila mkazi wa Kariobangi analijua. Mwezi wa Februari 2004, kanuni za matatu zilizotolewa na waziri wa uchukuzi wa wakati huo, John Michuki, zilianza kutekelezwa. Gari dogo libebe abiria 14, kila abiria awe na mkanda, mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa, na gari liwe na mstari wa njano. Utekelezaji wake ulilegea baadaye, na hilo halifichiki. Lakini angalia lugha yake: nambari inayohesabika kwa vidole, mkanda unaoshikika kwa mkono, mstari unaoonekana toka mbali. Abiria asiyewahi kuiona gazeti rasmi la serikali aliweza kumwambia kondakta kwamba gari limejaa, na kondakta akajua ni kanuni gani inayozungumziwa. Watu waliziita kwa Kiswahili chao sheria za Michuki. Zilikuwa zimeondoka katika karatasi ya ofisini na kuingia katika usemi wa mtaani, na huko ndiko zilikopatia nguvu zake.

6.0 Pingamizi na Jibu Lake

Huenda msomaji akapinga kwamba lugha ya bahari duniani ni Kiingereza, na kwamba kuleta lugha ya pili kutazidisha mkanganyiko. Pingamizi hili lina uzito. Nahodha kutoka Manila na rubani wa Mombasa hawana budi kutumia lugha wanayoshiriki, na hakuna anayependekeza wabadilishe. Lakini chumba cha kuongozea meli ni sehemu moja tu ya mfumo. Rubani akishazungumza na nahodha, yuko mfunga kamba gatini, yuko mpakizi, yuko dereva wa lori, yuko abiria wa Likoni na yuko fundi wa Kariobangi. Azimio la mwaka 2003 lenyewe linatambua kwamba bandari huzungumza lugha zaidi ya moja, ndiyo sababu likaagiza maelezo yatolewe.

Pingamizi la pili ni kwamba mikataba hurekebishwa mara kwa mara, na tafsiri huchakaa. Hili ni kweli, na tafsiri iliyochakaa ni ya hatari kuliko kutokuwa na tafsiri, kwa sababu huaminiwa. Dawa yake ni kila tangazo la Kiswahili kubeba tarehe yake na jina la ofisi inayowajibika kulisahihisha. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Matini ya usalama kwa Kiswahili, basi, si hisani kwa msomaji.

7.0 Mapendekezo

Kutokana na mjadala huu, kanuni tano za uandishi zinapendekezwa.

Kwanza, dhana moja ipewe istilahi moja kutoka mwanzo wa waraka hadi mwisho, hata kama mtindo wa kifasihi ungependelea visawe.

Pili, kila agizo litaje mtendaji. Kauli ya kutendwa humficha anayewajibika. "Mlango ufungwe" haisemi afunge nani. "Baharia wa mlangoni hufunga mlango kabla kivuko hakijaondoka" inasema.

Tatu, kitenzi -weza kiepukwe katika maagizo na vibali.

Nne, saa iandikwe kwa tarakimu nne, na inapotamkwa kwa Kiswahili, itajwe pamoja na wakati wa siku: saa tatu asubuhi, 0900.

Tano, kiwango kinachowahusu watu wengi kiwe na kitu kinachohesabika au kuonekana. Mfano uliotungwa kwa ajili ya makala haya utafafanua. Tangazo lisemalo "Idadi ya abiria isizidi ile iliyoidhinishwa na mamlaka husika" ni sahihi kisarufi na kisheria, lakini abiria hawezi kulitumia. Tangazo lisemalo "Kivuko hiki hubeba abiria 300. Mlango hufungwa na abiria wa 300" linamfanya kila aliyesimama gatini kuwa shahidi wa kanuni.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba usalama wa bandari na urubani wa meli ni suala la lugha kwa kiasi kilekile ambacho ni suala la chuma na mikondo. Yameonyesha kwamba Kiswahili kina hazina ya bahari yenye thamani, ingawa sehemu yake haifai kwa meli za leo, na kwamba utata wa maneno ya kawaida kama usalama, kiwango na -weza unahitaji kutatuliwa kabla ya tafsiri kubwa kuanza. Zaidi ya yote, yameonyesha kwamba mlolongo wa hatari ni mrefu kuliko mlolongo wa maelezo, na kwamba watu walio mwishoni mwa mlolongo huo wanaishi hata katika mitaa isiyo na bahari.

Kazi iliyobaki iko ndani ya uwezo wa wanafunzi wa Kiswahili. Mabaharia wastaafu wa Mombasa na Lamu wangali wanayajua maneno ambayo kamusi za shule hazina, na mafundi wa Kariobangi wameshazipa hatari za karakana zao majina ambayo hakuna aliyeyakusanya. Orodha mbili hizo zikikusanywa uwandani, zikalinganishwa na kuwasilishwa kwa mamlaka zinazohusika, vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vitakuwa vimetoa mchango unaoweza kupimwa: tangazo kwenye lango la kivuko, na maneno manne kwenye mkebe wa kabaidi.